Umeumia Shingo au Mgongo? Kipimo cha Kwanza si Lazima Kiwe MRI

Malalamiko yanayotufikia hospitalini siku hizi yanafanana: "Ndugu yetu kagongwa na bodaboda, tumeomba MRI, tumepelekwa CT-Scan." Hamkuonewa. Mtu mzima akihofiwa kuvunjika pingili za shingo, tunaanza na CT-Scan, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Inaonyesha mfupa vizuri, tena kwa dakika chache. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, huchukua nusu saa au zaidi, inataka mgonjwa atulie tuli, na mwenye chuma mwilini huenda asiingizwe kabisa. Tunaihitaji mgonjwa anapokuwa na ganzi, miguu ikikosa nguvu, au akishindwa kuzuia haja, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoonyesha mishipa ya fahamu na kano.

Eksirei ya shingo kwa mtu mzima hukosa mivunjiko mingi. Kwa hiyo "picha imetoka safi" ya zahanati ya mtaani haitoshi kumvua mtu kola ya kuzuia shingo. Kiunoni, kama hakuna ganzi wala udhaifu, bado tunaweza kuanza na eksirei. Watoto nao tunawapimia mionzi kwa uangalifu zaidi.

Wapo wasiohitaji picha yoyote, na hapo ndipo tunapotukanwa. Mgonjwa mwenye fahamu timamu, hajalewa, haumii akibonyezwa katikati ya shingo, hana ganzi wala udhaifu, wala jeraha jingine kubwa la kumsahaulisha shingo: huyo mikono ya daktari inatosha. Ila aliyefikisha miaka 65, au aliyeanguka kutoka mita 1 na kuendelea, hatumwachii kirahisi hivyo.

Kuhusu PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Ndugu mmoja, si ukoo mzima, aende kituo cha polisi na kitambulisho chake. Aseme ajali ilitokea wapi, saa ngapi, na namba ya chombo kama anaijua. Fomu iletwe kwa daktari aijaze, kisha irudi polisi. Aliyeanguka kwenye mnazi Kigamboni asiandikwe kagongwa na gari. Kutoa taarifa za uongo kwa polisi ni kosa la jinai, na sisi tunachagua kipimo kwa kuangalia namna alivyoumia.

Na tafadhali, aliyeumia shingo haletwi mshikaki kwenye bodaboda, hata foleni ya Mbagala iwe ndefu namna gani. Mlazeni chali juu ya ubao, mmoja amshike kichwa kisicheze, mtafute gari.