Kifaa cha mdomoni: kukoroma kukiisha, kazi bado

Mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini akivaa kifaa cha mdomoni na kukoroma kukaisha, wengi huona amepona. Mimi bado siandiki hivyo kwenye faili lake. Njia ya hewa inaweza kuendelea kuziba mara 15 au 20 kwa saa, oksijeni ikishuka kila inapoziba, na anayelala naye asisikie chochote.

Kifaa chenyewe ni vipande viwili vya plastiki, kimoja cha meno ya juu na kingine ya chini, vilivyounganishwa kwa skrubu au mikanda inayolivuta taya la chini mbele. Ulimi umejishikiza kwenye taya hilo, hivyo nao husogea. Kaakaa laini na kuta za pembeni za koo hukazika, na nafasi ya hewa hupanuka.

Kinawafaa zaidi wale ambao pumzi zao hukatika au kupungua kati ya mara 5 na 30 kwa saa. Wanaozidi 30 huanza na mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa ili njia ibaki wazi. Kifaa huja pale wanaposhindwa kuivumilia. Kabla ya kuchukua vipimo nakagua fizi, kiungo cha taya na idadi ya meno: nataka yasiyopungua 8 yaliyo imara kila taya. Kisha napima taya la chini linasafiri milimita ngapi kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Likiwa chini ya 5, nasita, kwa sababu hakutabaki nafasi ya kurekebisha.

Safari hiyo ikiwa milimita 12, naanzia kwenye 6, yaani nusu, na kuishika nafasi hiyo kwa silikoni ya kung'ata. Kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini naacha milimita 3 hadi 5. Ukiachanisha zaidi, taya huzunguka kwenda chini na nyuma, na unapoteza ulichokipata kwa kulivuta mbele.

Hapa ndipo wengi hukosea: mgonjwa anakabidhiwa kifaa na habari yake inaishia hapo. Baada ya wiki moja au mbili za kuzoea, skrubu huzungushwa milimita 0.25, halafu unasubiri siku kadhaa kabla ya kuzungusha tena. Wengi hutulia karibu na asilimia 70 ya safari ya taya. Ukikimbilia huko wiki ya kwanza, misuli ya kutafunia inauma na kifaa kinaishia kwenye droo. Maumivu ya nusu saa baada ya kuamka ni ya kawaida. Yakidumu hadi mchana, rudisha mzunguko mmoja, kaa hapo wiki nzima.

Dalili zikipungua, mgonjwa hurudia kipimo cha usingizi akiwa amevaa kifaa. Natafuta pumzi zikatike au kupungua chini ya mara 5 kwa saa. Zikiendelea kukatika mara nyingi na taya limefika mwisho, naangalia kama mdomo unafunguka usiku (mpira mdogo wa kuvuta husaidia), kama hukatika zaidi akilala chali, kama pua imeziba. Yote hayo yakishindikana, ni CPAP, na ni vizuri kulisema mapema.

Vifaa vya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata mwenyewe sivipendekezi: hulegea, huchomoka usiku, na mgonjwa huamini tiba nzima imeshindwa.

Kuosha ni rahisi: maji baridi, sabuni laini, mswaki mlaini. Maji ya moto hupindisha plastiki.

Asubuhi magego hayakutani vizuri. Ng'ata kipande maalumu cha kurudisha taya hadi yakutane. Hata hivyo, kwa miaka, meno ya juu ya mbele huelekea nyuma na ya chini mbele, kidogo kidogo, na mara nyingi hayarudi. Hilo mgonjwa alijue kabla ya kukubali tiba, na mng'ato upimwe kila baada ya miezi 6 mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.