Umeme, sumaku na kumbukumbu: masuali ya familia kuhusu ugonjwa wa Alzheimer

Baada ya kikao cha afya ya wazee kule Wete, binti mmoja alinifuata pembeni na simu yake. Alinionyesha video ya mtu aliyevaa utepe wa nyaya kichwani, na sauti ikisema kifaa kile kinarudisha kumbukumbu za wazee. "Nesi, nikauze karafuu za msimu huu nimnunulie mama?" Nilimwambia asiuze. Lakini "usiuze" peke yake haimtoshi mtu anayemuona mama yake akimpotea ilhali wamekaa mkeka mmoja. Tangu siku ile nimeulizwa mengi, Pemba na Unguja, na nayajibu hapa.

Mama anauliza jambo moja mara kumi kabla ya adhuhuri. Si uzee tu huo?

Uzee hupunguza kasi. Jina la jirani wa zamani linakukwepa, kisha linakujia ukiwa kisimani. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni mzee kuipotea njia ya msikiti aliousalia miaka arubaini, au mama aliyepikia harusi za mtaa mzima kusimama mbele ya jungu asijue kinachofuata baada ya kitunguu.

Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwachunguza watu wa miaka 70 na zaidi. Kama 6 katika kila 100 walikuwa na demensia, yaani kupungua kwa akili kunakomzuia mtu kujimudu. Zaidi ya 90 waliobaki walikuwa wazee vilevile, na hawakuwa nayo. Basi huu ni ugonjwa. Na Alzheimer ndiyo aina yake inayoonekana zaidi duniani.

Wapo watakaosema mama amechezewa, au ana sheitani. Dua isomwe, wala sina neno na dua. Ninachokiomba kwa nguvu zangu zote ni mzee asifungiwe chumbani, asifukizwe mpaka akakosa pumzi, asipigwe. Nimeona alama za kamba kwenye mikono ya bibi wa watu, na sijazisahau.

Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Mwaka 1901, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alimpokea hospitali ya Frankfurt mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, aliyeshindwa hata kuliandika jina lake. Alipofariki, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, na mwaka 1906 akawaeleza wenzake alichokiona: madoa magumu baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua madoa yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau.

Ugonjwa hushambulia mapema sehemu inayoitwa hipokampasi. Hapo ndipo tukio jipya hupokewa ili lihifadhiwe. Ndiyo maana babu atakusimulia alikuwa wapi asubuhi ya Mapinduzi ya 1964, lakini chai aliyokunywa sasa hivi haikumbuki. Hakudanganyi na wala hakukomoi. Chai ile haikuwahi kuhifadhiwa.

Umeme umeingiaje katika habari hii?

Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mno. Na kumbukumbu moja haikai ndani ya seli moja. Ni kama mkeka, ambao hauwi mkeka mpaka kili nyingi zishonwe pamoja. Wataalamu wakajiuliza: seli zinapoanza kutosikilizana, je, tukizigusa kwa umeme zitasikilizana tena?

Jawabu la kwanza lilikuja bila kutafutwa. Mjini Toronto, Kanada, timu ya daktari Andres Lozano ilikuwa ikijaribu kumpunguzia hamu ya kula mtu mmoja mwenye unene uliokithiri. Waliingiza elektrodi, nyaya nyembamba, mpaka ndani kabisa ya ubongo wake. Walipowasha umeme, yule bwana akaanza kueleza tukio la miaka mingi nyuma: yuko bustanini na rafiki zake, anawaona walivyovaa. Umeme ukiongezwa, picha inazidi kuwa wazi. Nyaya zilikuwa karibu na forniksi, njia kubwa inayotoka hipokampasi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Niliposoma mara ya kwanza mwili ulinisisimka, kwa sababu niliwaza wagonjwa wangu wote.

Basi kwa nini tiba hiyo hatupewi?

Kwa sababu walifanya lililo sawa: waliipima. Wagonjwa 42 wa Alzheimer ya mwanzo, Marekani na Kanada, walitiwa elektrodi wote. Nusu yao umeme uliwashwa, nusu ukaachwa umezimwa kwa mwaka mzima, na mgonjwa hakujua yeye yuko kundi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa jumla, waliowashiwa hawakuwapita wasiowashiwa. Palikuwa na dalili kwamba wenye miaka 65 na kuendelea huenda walifaidika kidogo, na walio chini ya hapo huenda walizidiwa.

Nawaomba mlitafakari kundi lile la umeme uliozimwa. Mtu akipasuliwa kichwa, akahudumiwa na madaktari kila mwezi, akawa na tumaini, yeye na familia yake wanaweza kuona nafuu hata kama waya hauna kitu. Bila ya wale nusu wa pili, dunia ingekuwa inawapasua wazee mpaka leo kwa faida isiyokuwepo. Kila anayekuletea habari ya mgonjwa mmoja aliyepona, muulize: na wale ambao hawakuwashiwa walikuwaje?

Na ile ya sumaku, isiyopasua?

Hii nina matumaini nayo zaidi. Ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake walipoonyesha kwamba sumaku inayobadilika haraka nje ya fuvu huzusha umeme ndani ya ubongo. Mgonjwa hukaa kitini, koili, yaani waya uliozungushwa duara, ikawekwa kichwani, akasikia mlio: ta, ta, ta. Marekani iliidhinishwa mwaka 2008 kutibu sonona.

Kwa Alzheimer, timu ya Giacomo Koch mjini Roma iliwachukua wagonjwa 50. Nusu walipata sumaku ya kweli, nusu ya kuigiza, kwa wiki 24, wakilenga sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshirikiana na hipokampasi. Mwaka 2022 waliripoti kwamba wa sumaku ya kweli hali zao zilibaki karibu palepale, na wenzao waliendelea kushuka. Habari njema, ila ni watu 50, na ni kuzuia kushuka. Hakuna aliyerudishwa alikokuwa.

Kuna pia taa inayomweka mara 40 kwa sekunde, iliyopunguza amiloidi kwa panya katika maabara ya Li-Huei Tsai mwaka 2016. Panya ni panya. Kwa watu bado inapimwa.

Kile kifaa cha kwenye video je?

Usinunue. Wala usijaribu kumtengenezea mzee kwa betri na nyaya: umeme kichwani unaweza kuunguza ngozi, na kwa mwenye kifafa ni hatari zaidi.

Dawa hazipo?

Zipo za kusaidia dalili kwa kiasi, kama donepezili. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lekanemabu, inayoondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa mchanga. Ilianza kutolewa kwa dripu, na mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Sisi tulioko hapa tufanye nini?

Mpelekeni kwanza hospitali, iwe Chake Chake, Wete, Mkoani au Mnazi Mmoja, kwa sababu si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, dawa za usingizi, hata maambukizi ya mkojo, vyote humvuruga mzee na vyote vina tiba. Aliyeanguka akajigonga wiki chache nyuma anaweza kuwa na damu inayobana ubongo. Semeni kila kitu, pamoja na dawa za miti shamba.

Kisha masikio. Watu hucheka nikisema hivi, lakini kutosikia kusikotibiwa, pamoja na presha na kisukari, ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya demensia. Mzee asiyesikia hujitoa barazani, na akijitoa barazani ubongo wake haupati kazi.

Na ipo aina nyengine ya kusisimua ubongo, isiyotaka waya. Ilipimwa Uingereza, matokeo yakatoka 2003, kisha ikaletwa hukohuko Hai. Wazee wachache hukutana mara mbili kwa wiki, vikao 14, wakiongozwa katika mazungumzo, nyimbo, vitu vya kushika na kunusa. Kule Hai kumbukumbu na wasiwasi wao vilipata nafuu. Kwetu, mpe mama konzi ya karafuu mbichi achambue, kisha muulize nani alikuwa akipanda mkarafuu bila kuogopa. Mpe ukindu asuke. Babu mkalishe kwenye bao, hata akikosea kete.

Mama ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Nimsahihishe?

Suali hili aliniuliza yule yule binti wa Wete, kwa simu, wiki mbili baadaye. Usimsahihishe, nilimwambia. Ukimwambia dada yake amefariki, atalia msiba upya, na kesho atalia tena. Muulize dada alikuwa akipenda nini. Alijaribu jioni ile. Mama akasema dada yake alikuwa akipenda mkate wa kumimina, akaanza kumuelekeza namna ya kuutia hamira, na hakukosea.