Sanamu ya Askari si ya Majimaji

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ni mpiganaji wa Majimaji. Sivyo.

Majimaji ilipiganwa 1905 hadi 1907. Sanamu hii ya shaba ilizinduliwa 1927, enzi za Mwingereza, kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliotumikia jeshi lake katika Vita Kuu ya 1914–1918. Huhitaji mtaalamu: soma maandishi kwenye msingi wake, yapo hata kwa Kiswahili. Tazama na bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini, pamoja na sare ya jeshi la kikoloni.

Mkanganyiko unaeleweka. Mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya Kijerumani, ikaangushwa 1916, na Mjerumani ndiye aliyepigana na Majimaji. Historia mbili zikachanganyika.

Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Anayebisha aende Nairobi au Mombasa: sanamu za ukumbusho huohuo zipo huko pia, na ya Nairobi ina mpagazi.