Hakuna mnazi dume jamani

Juzi hapa Malindi jirani yangu anataka kukata mnazi wake eti ni dume, hauzai. Nikamwambia ngoja kwanza, huo si mpapai. Mpapai ndio una dume na jike mbalimbali, ila mnazi mmoja una vyote, tena kwenye shada moja. Karara, lile ganda linalofunika shada, likipasuka angalia, vile viua vidogo maelfu juu kwenye vijiti ndivyo vya kiume, na chini zile mbegembege kama gololi ndizo za kike, chache tu. Sasa kwa minazi mirefu hii yetu, ya kiume hufunguka mapema ikapukutika, ya kike kuja kuwa tayari chavua, ule unga wa maua ya kiume, ya shada lile imeisha, kwa hivyo nyuki au upepo hulazimika kuleta ya mnazi mwingine. Chavua ikitua juu ya ua la kike huota kijimrija mpaka ndani kwenye yai, hapo ndo kidaka, yaani nazi changa kabisa, kinaanza, halafu kitale, dafu, mpaka nazi kavu ni kama mwaka mzima. Vidaka vingi kuanguka ni kawaida. Na kama mgema anayakata mashada yake kila siku apate tembo, mnazi utazaa saa ngapi?