Kisima cha Holywell: maji yalikatika, hija ikaendelea

Kazi yangu ni maji ya ardhini. Kwa hiyo nilipofika kwenye kisima cha Mtakatifu Winefride, mjini Holywell kaskazini mwa Wales, swali lililonishika zaidi ni hili: maji haya yanatoka wapi?

Masimulizi ya huko yana jibu lake. Katika karne ya 7, kijana wa ukoo wa kitawala aitwaye Caradog alimtaka kwa nguvu binti Gwenffrewi, ndiye Winefride. Binti akakataa, Caradog akamkata kichwa kwa upanga. Kichwa kilipoangukia, chemchemi ikabubujika. Mjomba wake Beuno, padri, akakirudisha kichwa mahali pake, akaomba, na binti akafufuka, akaishi miaka mingi akiwa mtawa mwenye kovu shingoni. Wekundu unaoonekana kwenye mawe ya kisima ulihesabiwa kuwa damu yake. Ni mwani unaoota kwenye mawe yenye unyevu, lakini ukiuona chini ya maji unaelewa mara moja kwa nini watu waliona damu.

Jengo lenyewe ni la mwanzoni mwa karne ya 16: birika lenye umbo la nyota chini ya dari la mawe yaliyochongwa. Kati ya michongo hiyo yumo mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Hapo nilisimama muda mrefu, maana ndivyo wagonjwa wengi walivyofika. Kutani wamechora majina yao, na magongo yaliyoachwa na waliopona bado yamehifadhiwa.

Desturi ya kuoga haijafa. Mwenye nadhiri hupita mara 3 katika kibirika cha ndani akisali, kisha huingia bwawa la nje na kupiga magoti juu ya jiwe la Beuno, lililo ndani ya maji. Maji ni baridi kwelikweli. Hata Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipofuta hija na kuvunja makaburi ya watakatifu, watu waliendelea kuja. Mwaka 1686 alikuja Mfalme James II kuomba mtoto wa kiume. Mtoto akazaliwa 1688, na mwaka huohuo baba akapoteza kiti cha ufalme, kwa sehemu kwa sababu ya hofu ya Waprotestanti ya kupata mrithi Mkatoliki.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Vilima vya hapo ni vya mawe ya chokaa. Mvua huyayeyusha polepole na kuacha mianya, na maji husafiri humo kama kwenye mabomba. Chemchemi hii ilikuwa na nguvu ya kuendesha viwanda vya pamba na shaba bondeni. Lakini vilima hivyo vina pia madini ya risasi, na mwaka 1897 likaanza kuchimbwa handaki la Milwr ili kutoa maji migodini. Januari 1917 handaki likatoboa njia ya maji ya kisima. Kisima kikakauka.

Mwaka huohuo yakaletwa maji kutoka chanzo kingine cha chini ya ardhi, na ndiyo mahujaji wanayooga hadi leo. Ni machache sana kuliko ya zamani.

Wapo wanaosema basi hiki ni kisima bandia. Sikubaliani nao hata kidogo. Ni mvua ileile, inapita kwenye chokaa ileile, ila kwa mlango mwingine. Zamzam nayo, kisima cha Makka, kwa mapokeo ilifukiwa ikasahaulika mpaka Abdul Muttalib, babu yake Mtume Muhammad, alipoichimbua upya, na hakuna muumini anayeiona pungufu kwa hilo. Ninachokihuzunikia ni kwamba jengo lililindwa kwa karne nyingi, wala hakuna aliyevilinda vilima vinavyolilisha. Wataalamu wa urithi bado wanarudia kosa hili: wanaweka uzio kuzunguka kisima, huku mkondo wake uko kilomita kadhaa nje ya uzio.

Ukienda kuoga, ulizia kwanza saa zilizotengwa, na uchukue taulo na nguo za kubadilisha. Hija kubwa ya mwaka huwa mwezi Juni.