Je, wajua timu ya chuo kidogo ilivyoshinda mechi tano ndani ya siku sita mwaka 1899?

Novemba 1899, timu ya futiboli ya Marekani ya University of the South ilipanda treni kwenda Texas. Ni chuo kidogo cha Kanisa la Episkopali, kilichojengwa mlimani huko Sewanee, jimbo la Tennessee, na wengi hukiita kwa jina la mahali kilipo. Tarehe 9 timu iliifunga ile ya Chuo Kikuu cha Texas 12-0 mjini Austin, na kesho yake ikaifunga Texas A&M 10-0 mjini Houston. Tarehe 11 ilikuwa zamu ya Tulane, 23-0, mjini New Orleans. Jumapili hawakucheza. Jumatatu tarehe 13 waliichapa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 34-0 huko Baton Rouge, na tarehe 14 wakaimaliza Mississippi 12-0 mjini Memphis. Hakuna aliyepata hata alama moja dhidi yao, na safari nzima ilikuwa ya kilomita zipatazo 4,000. Iliwezekanaje?

Kwanza tuulize kwa nini mtu apange ratiba ya namna hiyo. Sababu ni pesa. Watani wa jadi wa Sewanee walikuwa Vanderbilt wa Nashville, na mechi yao ndiyo iliyokuwa ikijaza uwanja na kugharamia msimu. Mwaka ule vyuo hivyo vilikosana juu ya mgawo wa viingilio, mechi ikafa. Pengo lile likamwangukia meneja wa timu, Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukishalipa nauli ya kuifikisha timu Texas, umeshatumia fungu kubwa la gharama, na kila mechi unayoongeza njiani inaleta viingilio vingine. Ukiiangalia ramani utaona Austin ndiyo ya mbali zaidi. Kutoka hapo miji inafuatana na njia ya reli kurudi nyumbani. Mchana wanacheza, usiku wanalala ndani ya behewa. Kati ya Houston na New Orleans kuna zaidi ya kilomita 500, nao walizimaliza usiku mmoja. Lea huyohuyo alikuja kuwa seneta wa Tennessee kuanzia 1911 hadi 1917, na Januari 1919 aliongoza kikundi cha wanajeshi wenzake kuingia Uholanzi kwa nia ya kumteka Wilhelm II, aliyekuwa Kaizari wa Ujerumani. Kupanga safari ngumu kulikuwa kipaji chake.

Ratiba peke yake haishindi mechi. Ili kuelewa ushindi wenyewe, lazima usahau futiboli unayoiona leo kwenye televisheni. Mwaka 1899 kurusha mpira mbele kulikatazwa. Ruhusa ilikuja mwaka 1906. Timu ilikuwa na majaribio matatu ya kusogea yadi 5, tofauti na sasa ambapo ni manne kwa yadi 10. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110. Kufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, yaani tachidauni, kulikuwa na alama 5, teke la nyongeza baada yake alama 1, na teke la goli wakati wa mchezo alama 5 pia. Ndiyo maana 12 ni tachidauni mbili zilizokamilishwa kwa mateke yote mawili, na zile 10 za Houston zinaonyesha mateke yaliyopotea. Kulikosa teke hilo kulikuwa jambo la kawaida: kama ilivyo kwenye raga, lilipigwa kutoka kwenye mstari mmoja na mahali mpira ulipogusishwa chini, na aliyefunga pembeni aliachiwa pembe mbaya.

Katika mchezo wa namna hiyo, watu walirundikana katikati wakisukumana kifua kwa kifua, na yadi 5 zilitoka kwa jasho. Timu yenye mpiga teke hodari ilikuwa na njia ya mkato. Badala ya kuchosha miili kwa majaribio yote matatu, ilipiga mpira mbali mapema, ikawaacha wapinzani waanze upya wakiwa karibu na goli lao. Sewanee walikuwa na Ormond Simkins kwa kazi hiyo, na kocha wao, Herman Suter, alitokea Princeton, mojawapo ya vyuo vilivyoukuza mchezo huu. Naamini hapo ndipo penye siri ya zile sifuri tano: mpinzani akianzia mbali sana, anachoka kabla hajalikaribia goli lako.

Na kikosi kidogo? Walisafiri wachezaji wapatao ishirini tu. Leo hiyo isingetosha hata kuanza mechi moja kwa usalama, kwa sababu wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti. Wakati ule wale 11 walifanya yote, na aliyetoka hakuruhusiwa kurudi. Wenyeji nao walibanwa na kanuni hiyohiyo, hivyo wingi wa wanafunzi wao haukuwasaidia sana. Kalenda pia iliwabeba Sewanee: likizo yao ndefu ilikuwa majira ya baridi, na masomo yaliendelea wakati wa joto, vyuo vingine vikiwa vimefungwa. Vijana walikuwa pamoja mapema kuliko wapinzani wao.

Husimuliwa pia kwamba walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao. Kwa enzi zile hilo lilikuwa na maana kubwa, maana homa ya matumbo ilienea kupitia maji machafu, na kuhara kwa wachezaji wanne watano kungeivunja ziara yote.

Hata hivyo, kwangu mimi mtihani mkubwa haukuwa Texas. Ulikuja Novemba 30 mjini Montgomery dhidi ya Auburn ya kocha John Heisman, ambao ndio pekee waliopata alama mbele ya Sewanee msimu mzima. Matokeo yalikuwa 11-10: kila upande ulipata alama 5 mara mbili, na teke moja la nyongeza likaamua. Heisman aliwalalamikia waamuzi hadharani. Siku mbili baadaye Sewanee wakaishinda North Carolina 5-0 mjini Atlanta. Walimaliza na mechi 12, ushindi 12, alama 322 kwa 10.

Mwaka 1932 chuo hicho kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini. Kilijitoa mwaka 1940 bila kushinda hata mechi moja ya ligi hiyo. Timu yao ingalipo, katika daraja la tatu la vyuo, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo.