Kazi tele, mfuko mtupu: dhana potofu za wakandarasi wadogo Dodoma

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nondo na kokoto hazijapumzika mjini hapa. Hata hivyo kampuni ndogo za ukandarasi zinakufa zikiwa na kazi mkononi. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi kinachoziua ni imani tunazorithishana saiti.

Dhana: Kazi zikiwa nyingi, kampuni ina afya.

Ukweli: Kampuni huangushwa na Jumamosi ambayo vibarua wamepanga foleni na akaunti haina kitu. Chukua mkataba wa shilingi milioni 200, VAT tuiache pembeni. Umepewa malipo ya awali ya asilimia 15, yaani milioni 30. Mwezi wa pili mhandisi mshauri anaidhinisha kazi ya milioni 40, nawe unaanza kuzipangia matumizi. Subiri kwanza. Asilimia 10, milioni 4, inazuiwa kama dhamana ya ubora. Milioni 6, asilimia 15 ileile, inakatwa kurejesha malipo ya awali. Kodi ya zuio ni asilimia 5 ya sehemu ya huduma, na sehemu hiyo huhesabiwa kuwa mbili ya tano ya kazi: shilingi 800,000. Unabaki na milioni 29.2, nazo zinaingia wiki kadhaa baadaye, wakati saruji ulilipa taslimu.

Kama kazi hiyo imekugharimu milioni 34, karatasi inasema una faida ya milioni 6. Mfukoni kuna pengo la karibu milioni 5. (Kodi iliyozuiwa si hasara, hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi utunze hati yake. Tafadhali zitunze.) Malipo ya awali yaliwekwa kuziba pengo hilohilo. Aliyeyanunulia gari ameshakula mishahara ya miezi ijayo.

Wengi hukimbilia kazi ya pili ili kuokoa ya kwanza. Pesa ya saiti ya Nzuguni inalipa vibarua wa saiti ya Nala, na baada ya miezi mitatu hakuna ajuaye ni saiti ipi inayotafuna. Kila kazi iwe na daftari lake, hata kama akaunti benki ni moja.

Dhana: Mvua za Dodoma ni chache, ratiba haina haja ya kuziwaza.

Ukweli: Ni chache, ila zinajikusanya kati ya Desemba na Aprili. Korongo lililokuwa kavu asubuhi hujaa jioni, na ekskaveta ya kukodi inaendelea kudai siku zake.

Dhana: Bila kuweka nyumba rehani, mkandarasi mdogo hapati dhamana ya zabuni (ahadi ya kumlinda mwenye kazi ukishinda zabuni kisha ukajitoa).

Ukweli: Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Ulizia masharti ya uanachama wa mfuko huo kabla zabuni haijatangazwa.

Dhana: Bosi makini hupitisha kila shilingi mkononi mwake.

Ukweli: Huyo ndiye anayesimamisha saiti simu yake ikizimika. Nimeona mafundi Iyumbu wakikaa kivulini tangu asubuhi wakisubiri mifuko kumi ya saruji, na posho ya siku ikalipwa yote. Mpe foromani kiwango anachoweza kutumia bila kukupigia. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea stoo. Kisha kila Ijumaa kaeni na daftari: kilichoingia, kilichotumika, kinachodaiwa. Foromani akijua cheti cha malipo, ile idhini ya mhandisi, kimekwama kwa sababu vipimo vya zege havijawasilishwa, atavifuatilia mwenyewe Jumatatu.